Mfupa wa Ishango: kalenda ya mwezi ama hesabu tu?

Waliofika Kisangani kutoka upande wa Beni wanalijua ziwa Edouard. Pale mto Semliki unapotoka ziwani ndipo Ishango. Mwaka wa 1950, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua hapo mfupa mdogo, kama sentimeta 10, wenye miaka ipatayo 20 000.

Mfupa umechanjwa alama 168 katika safu tatu: mbili zina 60 kila moja, ya tatu 48. De Heinzelin aliona mchezo wa hesabu. Mmarekani Alexander Marshack, aliyezichunguza kwa hadubini, aliona kazi ya mtazama-nyota: mtu aliyehesabu siku za mwezi kwa karibu miezi sita. Lakini miezi sita ya mwandamo ni siku 177, na hilo halisemwi sana.

Hata hivyo watu wa hapo walikuwa wavuvi, vyusa vyao vya mfupa vilipatikana pia, na mvuvi wa usiku hawezi kuusahau mwezi.

Mfupa wenyewe uko Bruxelles, katika jumba la makumbusho. Mtoto wa Beni akitaka kuuona, kwanza aombe visa.