Kura Tatu na Mjadala wa Tabora, 1958

Uchaguzi wa kwanza wa kitaifa katika Tanganyika, uliofanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, ulitanguliwa na mabishano ndani ya chama cha TANU ambayo yalikuwa makali kuliko kampeni yenyewe. Swali lililobishaniwa lilikuwa la mkakati: je, chama kinachodai haki ya kila mtu kupiga kura kiingie katika uchaguzi ambao sheria zake kinazilaani, au kiususie na kuwaachia wapinzani uwanja? Jibu lilitolewa mjini Tabora, katika mkutano mkuu wa chama wa Januari 1958, na historia rasmi imelihifadhi kwa jina la Uamuzi wa Busara. Jina hilo limetukuza uamuzi, lakini kwa kiasi fulani limewafunika walioupinga, ambao hoja zao hazikuwa za kipuuzi.

Ili kuelewa ukali wa mabishano hayo, ni lazima kwanza kueleza uchaguzi wenyewe ulivyopangwa. Gavana Edward Twining aliamini kwamba Tanganyika ingejengwa juu ya msingi wa mseto, yaani mpango wa kugawana viti kwa usawa kati ya Waafrika, Waasia na Wazungu bila kujali idadi ya watu wa kila kundi. Kutokana na msimamo huo, tangu 1955 upande usio wa serikali katika Baraza la Kutunga Sheria ulikuwa na wajumbe 10 wa kila kundi, wote wakiwa wa kuteuliwa, ingawa Waafrika walizidi milioni 8, Waasia hawakufika 100,000, na Wazungu walikuwa takriban 20,000 tu. Ulipofika wakati wa kuwachagua wajumbe hao badala ya kuwateua, nchi iligawanywa katika majimbo 10 ya uchaguzi, kila jimbo likapewa viti vitatu, na mpiga kura akalazimishwa kupiga kura tatu kwa mpigo: moja kwa mgombea Mwafrika, moja kwa Mwasia na moja kwa Mzungu. Aliyemchagua Mwafrika peke yake na kuwaacha wengine alihesabiwa kuwa ameharibu kura yake.

Masharti ya kuandikishwa nayo yalikuwa magumu. Mpiga kura alitakiwa awe ametimiza umri wa miaka 21, awe ameishi nchini kwa muda uliowekwa, na zaidi ya hayo awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, ambazo ni sawa na shilingi 3,000, au awe amefika darasa la 8, au awe anashika wadhifa fulani uliotambuliwa na serikali. Mkata mkonge wa Tanga, mchukuzi wa bandarini Dar es Salaam na mkulima wa pamba wa Usukumani walikuwa mbali sana na kiwango hicho. Hata Bibi Titi Mohamed, kiongozi wa kina mama wa TANU, ambaye sauti yake ilijaza viwanja kuliko ya mwanasiasa mwingine yeyote wa wakati huo ukimwondoa Julius Nyerere, kiongozi wa chama, elimu yake haikufika darasa la 8. Kwa hiyo wengi wa waliokuwa wakibishana vibarazani, sokoni na kwenye matawi ya chama juu ya nani achaguliwe na kwa mbinu gani hawakuwa na kura ya kupiga.

Hapo ndipo hoja ya waliotaka kususia ilipopata nguvu. Zuberi Mtemvu, mmoja wa watendaji wa mwanzo wa chama, alishikilia kwamba Tanganyika ni nchi ya Waafrika na kwamba kumpigia kura Mzungu kwa amri ya serikali ni kuukubali mseto kwa mkono wako mwenyewe. Wengine walikwenda mbali zaidi, wakataka mgomo wa nchi nzima. Sheikh Suleiman Takadir, mwenyekiti wa Baraza la Wazee la TANU, alikuwa na wasiwasi wa namna nyingine, kwamba sharti la elimu lingewapendelea waliosoma katika shule za misheni, hivyo Waislamu waliokijenga chama tangu siku zake za mwanzo wangejikuta nyuma katika orodha ya wagombea. Takadir alifukuzwa chamani mwaka huohuo kwa kosa la kuchanganya dini na siasa. Adhabu hiyo ilinyamazisha hoja bila kuijibu, na suala la elimu na dini liliendelea kuwasumbua viongozi kwa miaka mingi baadaye.

Nyerere mwenyewe hakuingia Tabora akiwa mtetezi wa kura tatu. Alikuwa ameukataa mfumo huo hadharani, na Desemba 1957 alikuwa amejiuzulu ujumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, ambao aliushika kwa miezi michache tu, kwa sababu serikali haikuonyesha nia ya kukubali madai ya chama chake. Lakini hesabu za kisiasa zilimwelekeza upande mwingine. Chama cha United Tanganyika Party, kwa kifupi UTP, kilichoundwa 1956 kwa baraka za Twining ili kuutetea mseto, kilikuwa tayari kusimamisha wagombea. Kama TANU ingesusia, UTP ingeingia barazani bila jasho, kisha ingesikilizwa na London kama sauti halali ya wananchi, huku TANU ikibaki nje na mgomo ambao serikali ingeutumia kuwa kisingizio cha kukifuta chama. Hatari hiyo haikuwa ya kufikirika, kwa maana huko Usukumani, eneo lenye watu wengi na vyama vya ushirika vyenye nguvu, TANU ilikuwa tayari imenyimwa ruhusa ya kufanya shughuli zake tangu 1954.

Baada ya siku kadhaa za majadiliano wajumbe walio wengi walikubali kushiriki, ila kwa sharti: serikali isipotoa ahadi ya madaraka, yaani serikali inayowajibika kwa wawakilishi waliochaguliwa, chama kingechukua hatua za vitendo, mgomo ukiwamo. Kwa namna hiyo hoja ya waliotaka mgomo haikutupwa; iliahirishwa ikawa tishio, na pengine hiyo ndiyo sehemu ya uamuzi iliyokuwa na busara kubwa zaidi. Mtemvu hakuridhika. Alijitoa na kuunda chama chake, African National Congress.

Jambo ambalo waliobuni kura tatu hawakuliona ni kwamba mfumo wao ulikuwa na mlango wa nyuma. Katika majimbo mengi waliotimiza masharti, hata kwa ugumu wake wote, walikuwa Waafrika wengi kuliko kundi lingine lolote, na kwa kuwa kila mmoja wao alilazimika kuchagua pia Mwasia na Mzungu, wagombea wa makundi hayo wasingeweza kushinda kwa kura za watu wao peke yao. TANU, ambayo haikupokea wanachama wasio Waafrika mpaka baada ya uhuru, ilichagua Waasia na Wazungu wa kuwaunga mkono na kuwaambia wafuasi wake wawape kura zile mbili zilizobaki. Kibali cha TANU kikawa na uzito kuliko sera yoyote ya mgombea. Amir Jamal alisimama katika Jimbo la Mashariki na Sophia Mustafa katika Jimbo la Kaskazini. Katika Nyanda za Juu Kusini Lady Marion Chesham alimwangusha Ivor Bayldon, kiongozi wa UTP. Nyerere, akigombea Jimbo la Mashariki dhidi ya Chifu Patrick Kunambi, alipata kura 2,628 kwa 802.

Ni vema kuzitazama tarakimu hizo kwa karibu, kwa sababu udogo wake unasema mengi: kiongozi aliyekusanya maelfu ya watu Mnazi Mmoja kwa hotuba moja alichaguliwa na watu wasiojaza nusu ya uwanja huo. Mwezi mmoja kabla ya kura, Agosti 1958, mahakama ilikuwa imemtia hatiani kwa kuwakashifu maafisa wa serikali katika jarida la Sauti ya TANU, ikamtoza faini ya pauni 150 au kifungo cha miezi sita. Kiasi hicho, kwa sadfa, ni kilekile ambacho sheria ya uchaguzi ilikitaka kuwa kipato cha mwaka cha mpiga kura. Alilipa faini na kuendelea na kampeni.

Wagombea wenye kibali cha TANU walitwaa karibu viti vyote vya awamu ya kwanza, na Oktoba 1958 gavana mpya, Richard Turnbull, alitamka kwamba Tanganyika itakapojitawala serikali yake itakuwa na Waafrika wengi. Awamu ya pili ilipofika Februari 1959 viti vingi havikuwa na wa kuvishindania, na UTP ikasambaratika. Tishio la Tabora halikuhitaji kutekelezwa. Katika uchaguzi wa 1960, ambao haukuwa tena na kura tatu, TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na 58 kati ya vyote vilijazwa bila kupingwa. Kile kimoja kilichopotea, cha Mbulu, kilichukuliwa na Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyekaidi uteuzi wa chama chake. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961.

Mtemvu naye alijitokeza mbele ya wapiga kura. Katika uchaguzi wa Rais wa Novemba 1962, sharti la kipato na elimu likiwa limekwisha kuondolewa, alipata kura 21,276 dhidi ya 1,127,978 za Nyerere, na baada ya hapo kiti cha Rais hakikushindaniwa tena na wagombea wa vyama tofauti mpaka Oktoba 1995.