Shilingi 300 kwa Ekari

Mzee mwenye ploti ninayopanga hapa Kitengela ana hadithi moja ambayo lazima aisimulie nikimpelekea kodi. Eti pale choo changu kilipo, nyumbu walikuwa wakipita. Mara ya kwanza nilicheka. Siku hizi napiga hesabu.

Natoka kwa keja saa kumi na moja asubuhi, narudi saa mbili usiku. Katikati ya safari, kwenye Mombasa Road, Expressway ikiwa juu na matatu yetu ikiwa chini, nahesabu majengo ya ofisi yenye mabango ya kutafuta wapangaji. Mwisho wa mwezi, asilimia 1.5 ya mshahara wangu inakatwa ili serikali ijenge nyumba, na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Tulifikaje hapa, watu walale huku na majengo yakae matupu kule?

Mbuga ya Nairobi ilianzishwa mwaka wa 1946, na upande wake wa kusini ukaachwa wazi. Mvua ikinyesha, nyumbu na punda milia walitoka kuelekea nyanda za Athi na Kapiti, kiangazi walirudi. Ardhi waliyopitia ilikuwa ya Wamaasai. Sheria ya mwaka wa 1968 iliwaruhusu kuisajili kama ranchi za pamoja, lakini mwaka wa 1988 ranchi ya Kitengela iligawanywa kwa wanachama zaidi ya 200, kila mmoja na hati yake. Hati ikishakuwa ya mtu mmoja, inauzika. Miaka miwili baadaye ikaja sheria ya EPZ, viwanda vikafunguliwa Athi River, na wafanyakazi wakahitaji pa kulala. Kitengela ilikuwa hapo tu, ng'ambo.

Mwaka wa 2000, wahifadhi walijaribu kuzuia mambo. Walianza kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kila mwaka, kama shilingi 300 za wakati huo, ili wasiweke ua, wasiuze, na wawaache wanyama wapite. Malipo yalitolewa mara tatu kwa mwaka, shule zikifunguliwa. Baadaye pesa za umma za kimataifa ziliingia kupitia Benki ya Dunia. Mpango ulifanya kazi: maelfu ya ekari zilibaki wazi, watoto wakasoma.

Mzee alikuwa ndani. "Karo ililipika, kijana wangu," huniambia. "Lakini akaja mtu na pesa ya ploti moja tu."

Ploti ya futi 50 kwa 100 ni karibu sehemu ya nane ya ekari. Kwa bei ya mpango ule, kuiacha wazi kulimpa chini ya shilingi 40 kwa mwaka. Sasa wewe niambie ungefanya nini. Kati ya sensa ya 2009 na ya 2019, watu wa Kajiado waliongezeka kutoka 687,312 hadi 1,117,840. Mimi ni mmoja wao, na keja yangu iko kwenye ploti hiyo.

Kwingine duniani, pesa za umma zimejaribu kuwarudisha watu tao. New York, kuanzia mwaka wa 1995, ilipunguza kodi ya majengo kwa waliogeuza ofisi za karibu na Wall Street kuwa nyumba. Maelfu ya nyumba yalipatikana, ila si kwa mtu wa mshahara kama wangu. Calgary, Kanada, ilianza mwaka wa 2021 kutoa dola 75 za huko kwa kila futi ya mraba inayogeuzwa. Ruzuku hiyo ina sababu: ofisi ina vyoo vya pamoja katikati ya ghorofa, mabomba hayafiki pembeni, na vyumba vya ndani havina dirisha. Kurekebisha hayo yote ni gharama, na hakuna mwekezaji anayeibeba kwa hisani.

Nairobi inajua kugeuza majengo. Tazama maduka makubwa ya zamani ya tao yaliyokatwakatwa kuwa vibanda vya nguo na simu. Hakuna aliyelipwa ruzuku. Kibanda kinalipa chenyewe. Nyumba ya mtu wa kawaida haijilipi hivyo, ndiyo maana tunakatwa. Tozo ilianza na Sheria ya Fedha ya 2023, Mahakama Kuu ikaikataa Novemba, ikarudi kwa sheria yake yenyewe Machi 2024. Lakini karibu miradi yote tunayoonyeshwa inaanzia kwenye msingi mpya.

Sisemi kila ofisi tupu inafaa kuwa nyumba. Nyingi hazifai. Nasema sehemu ya pesa hizo ipimwe huko pia, na ikitolewa, itoshe, na kodi ya mpangaji iandikwe kwenye mkataba. Mpango wa nyumbu haukushindwa kwa kuwa wazo lilikuwa bovu. Ulishindwa kwa bei.

Jana nilimuuliza mzee ni pesa ngapi zingemfanya asiuze. Alifikiri kidogo, akataja kiasi. Haikuwa pesa nyingi vile nilivyodhani.

"Hakuna aliyeniuliza," akasema, akaweka kodi yangu mfukoni.