Narnia, nchi iliyozaliwa na watoto wa vita

Septemba 1, 1939, siku mbili kabla Uingereza haijaingia vitani na Ujerumani, stesheni za treni za London zilifurika watoto. Kila mmoja alikuwa na kibandiko chenye jina lake kwenye koti, na begani boksi lenye kinyago cha kujikinga na gesi. Ndani ya siku tatu watu wapatao milioni 1.5, wengi wao watoto, walihamishwa kutoka mijini ili mabomu yasiwakute.

Wasichana kadhaa walifikia The Kilns, nyumba iliyoko pembezoni mwa Oxford, alikoishi mwalimu wa fasihi wa Chuo cha Magdalen, C. S. Lewis. Alikuwa na miaka 40, hajaoa, wala hakuwa na mazoea na watoto. Katika siku zile aliandika sentensi chache kuhusu watoto wanne, Ann, Martin, Rose na Peter, waliopelekwa shamba kwa profesa mzee. Akaziacha hapo. Zilikaa karibu miaka kumi.

Asili ya hadithi ile, itakayozaa Narnia, nchi yake ya kubuni, ni ya zamani zaidi, na iko Belfast. Lewis, ambaye nyumbani aliitwa Jack, alikulia katika jumba la korido ndefu na vitabu kila upande. Yeye na kaka yake Warren walibuni nchi ya wanyama wanaosema, wakaiwekea ramani na historia yake. Kulikuwa pia na kabati la nguo alilolichonga babu yao kwa mkono. Binamu yao mmoja alikumbuka jinsi watoto walivyojibanza humo gizani, Jack akiwasimulia hadithi. Kabati hilo sasa limehifadhiwa Chuo cha Wheaton, Illinois, nchini Marekani.

Agosti 1908 mama yao, Flora, alifariki kwa saratani. Jack hakuwa ametimiza miaka kumi. Alikuwa ameomba sana mama apone. Wiki chache tu baada ya mazishi alipandishwa meli kwenda shule ya bweni Uingereza. Kwa hiyo wale wasichana wa 1939 walipobisha hodi The Kilns, aliyewafungulia mlango alijua kutengwa na nyumbani kulivyo. Mimi naamini nguvu yote ya Narnia imetoka hapo.

Alizirudia sentensi zile za watoto wanne mwishoni mwa miaka ya 1940. Majina ya watoto yakawa Peter, Susan, Edmund na Lucy, nao wanaingia Narnia yenye theluji kupitia kabati la nguo. Rafiki yake J. R. R. Tolkien, aliyekwisha kuchapisha The Hobbit, hakuipenda: viumbe vya ngano za Kigiriki, wanyama wanaosema na Baba Krismasi vyote katika chungu kimoja! Rafiki mwingine, Roger Lancelyn Green, alimhimiza aimalize. Kitabu kilitoka London Oktoba 1950, kwa michoro ya msanii kijana Pauline Baynes.

Watu wazima wengi hujiuliza Edmund aliwezaje kuwasaliti ndugu zake kwa ajili ya pipi. Tuzitazame pipi hizo kwa macho ya mtoto wa 1950. Uingereza ilianza kutoa pipi kwa mgawo mwaka 1942. Aprili 1949 serikali iliondoa mgawo, watu wakazigombea hadi madukani zikaisha, na Agosti mgawo ukarudishwa, usiondoke hadi 1953. Waliopanga foleni za sukari Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980 hawahitaji maelezo zaidi. Sasa mtoto wa namna hiyo anakaribishwa kwenye sleji ya Mchawi Mweupe, anayeitawala Narnia, anafunikwa kwa joho la manyoya, anapewa boksi la duara lililofungwa kwa utepe wa hariri ya kijani, limejaa pipi laini za Kituruki. Anatafuna huku akijibu kila swali: ndio, ana kaka mmoja na dada wawili. Kila kipande kinamtoa siri nyingine.

Vitabu vingine sita vilifuata hadi 1956. Si kila kitu ndani yake kimezeeka vizuri. Watu wa Calormen, taifa la kusini lenye ngozi nyeusi, vilemba na majambia, wamechorwa wengi wao kuwa wakatili na wajanja, na msomaji wa pwani yetu ana haki ya kukasirika. Linauma zaidi kwa kuwa Lewis alilipata jina la simba wake, Aslan, katika maelezo ya tafsiri ya Alfu Lela Ulela. Katika kitabu cha mwisho kijana mmoja wa Calormen, Emeth, anapokelewa na Aslan kwa heshima. Ni mmoja tu, na hatoshi.

Kitabu kilichomsumbua kuliko vyote kilitoka 1955. Mvulana Digory ana mama mahututi, naye anatumwa kuchuma tunda katika bustani ya mbali. Anashawishiwa aliibe ampelekee mama. Anakataa, na baadaye anapewa tofaa jingine kwa ruhusa. Mama anakula, analala, anapona. Tangu miaka ya 1990 wachapishaji wameweka kitabu hicho namba moja kwa kuwa kinaeleza mwanzo wa Narnia. Ukimnunulia mtoto, usiufuate mpangilio huo. Mwanzishie kile cha kabati la nguo na theluji, kama walivyoanza wasomaji wa 1950, na cha Digory kimfikie cha sita, pale Lewis mwenyewe alipokitoa.