Dawa za Kulevya na Kibali cha Usalama Nchini Marekani

Kibali cha usalama, yaani idhini ya serikali inayomruhusu mtumishi au mkandarasi kuziona siri za taifa, kilibadilika sana nchini Marekani mwezi Aprili 1953, pale Rais Dwight Eisenhower alipotia saini Amri ya Rais namba 10450, iliyoutaja uraibu wa dawa za kulevya, pamoja na ulevi wa kupindukia, miongoni mwa mambo ya kuchunguzwa. Mwaka 1986 Rais Ronald Reagan aliwataka watumishi wote wa serikali kuu wajiepushe na dawa haramu, hata wawapo nje ya kazi, na mwaka 2008 Bunge likakataza kibali kutolewa kwa yeyote anayeendelea kuzitumia.

Mwongozo uliotumika kuanzia Juni 2017 una busara zaidi, kwa kuwa unawataka waamuzi wampime mtu mzima: alitumia lini, mara ngapi, katika mazingira gani, na kama ameachana na tabia hiyo pamoja na wenzake wa wakati ule. Anayeficha ukweli katika fomu hujiongezea kosa la pili, ambalo mara nyingi humdhuru kuliko la kwanza.

Bangi ndiyo iliyoleta utata mkubwa, kwani majimbo mengi yaliihalalisha ilhali sheria ya shirikisho ya 1970 iliiweka katika kundi lenye udhibiti mkali kuliko yote. Desemba 2021 Mkurugenzi wa Ujasusi wa Taifa alifafanua kwamba matumizi ya zamani pekee hayamnyimi mtu kibali. Ruhusa ya jimbo, hata hivyo, haimkingi anayeendelea kuitumia.