Fluoresensi ya jani na njaa ya mmea

Fluoresensi ya jani ni mwanga hafifu mwekundu ambao klorofili huutoa baada ya kufyonza mwanga wa jua au wa taa. Sehemu ya nishati iliyofyonzwa huingia katika usanisinuru, nyingine hugeuka joto, na kiasi cha asilimia 1 hadi 2 hutoka tena kama mwanga wa mawimbi marefu zaidi, wenye vilele karibu na nanomita 685 na 740. Njia hizo tatu hugombania nishati ileile, kwa hiyo usanisinuru ukikwama, mwanga unaotoka hubadilika. Upungufu wa virutubishi huweza kuvuruga usanisinuru kabla jani halijaonyesha dalili yoyote, na ndiyo maana mwanga huu umekuwa kipimo cha njaa ya mmea.

Kwenye jani zima, mchana, macho hayauoni. Majani ya sukuma wiki yakipondwa, yakalowekwa katika spiriti mbali na moto na maji yake kuchujwa kwenye glasi, glasi hiyo huonekana ya kijani. Ikimulikwa gizani kwa tochi ya zambarau ya kukagulia noti bandia, huwaka nyekundu ya damu. Ndani ya spiriti klorofili imetenganishwa na mitambo ya usanisinuru. Haina pa kupeleka nishati, basi huirudisha. Mskoti David Brewster aliueleza wekundu huo mwaka 1834, na George Gabriel Stokes ndiye aliyeleta jina fluoresensi mwaka 1852. Mwaka 1931, nchini Ujerumani, Hans Kautsky na A. Hirsch waligundua kwamba jani lililokaa gizani likimulikwa ghafla, mwanga wake hupanda upesi, kisha hushuka polepole. Vipimo vingi vya leo vimetokana na ugunduzi huo.

Riruta, magharibi mwa Nairobi, ni mahali panapoonyesha vizuri umuhimu wa kipimo hiki. Katikati ya nyumba za kupanga zinazoelekea Kawangware na Satellite bado kuna vipande vya ardhi vilivyopandwa sukuma wiki, spinachi, managu na mahindi, na tangu mwaka 2015 kilimo cha namna hii jijini kina sheria yake. Udongo ni ule mwekundu wa volkano, wenye kina kirefu na oksidi nyingi za chuma na alumini. Oksidi hizo huishika fosforasi kwa nguvu, kiasi kwamba mbolea iliyotiwa inaweza kuwemo ardhini na mzizi usiipate.

Sukuma wiki ina shida yake ya pekee. Nitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesi zikipungua, mmea huzihamisha kutoka majani makuukuu kwenda machanga, hivyo dalili huanzia chini. Na majani ya chini ndiyo yanayochumwa kwanza! Jani ambalo lingetoa taarifa ya njaa limeshafungwa kwenye kifungu na kufika sokoni kabla halijageuka manjano, na mkulima hubaki akitazama majani ya juu yanayoonekana mazima. Kwa zao kama hili, kungoja rangi ibadilike ni kuchelewa.

Kipimo chenyewe huchukua muda mfupi. Jani hubanwa kwa kibanio cheusi na kuachwa gizani dakika 20 hadi 30, kisha humulikwa mmweko mkali. Uwiano unaotajwa sana, Fv/Fm, yaani ongezeko la mwanga wa jani likigawanywa kwa kiwango chake cha juu kabisa, huwa karibu na 0.83 kwa majani yenye afya ya mimea mingi, kama walivyoonyesha Olle Björkman na Barbara Demmig mwaka 1987. Uwiano huu umetukuzwa kupita kiasi: nitrojeni inaweza kupungua kwa kiasi kikubwa nao ukabaki palepale. Kwa nitrojeni ni afadhali kulinganisha vile vilele viwili. Klorofili ikipungua jani halifyonzi tena mwanga wake lenyewe kama kawaida, na kilele cha nanomita 685 huinuka kikilinganishwa na kile cha 740.

Kwa fosforasi kuna alama iliyo wazi zaidi. Mwanga wa jani lililotoka gizani hupanda kwa ngazi, na ngazi mojawapo, iitwayo I, hutokea baada ya takriban milisekunde 30. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen walionyesha kwa shayiri kwamba mmea wenye njaa ya fosforasi huipoteza ngazi hiyo, na kwamba mmea ukilishwa fosforasi ngazi hurejea. Kwa udongo wa Riruta, hiki ndicho kipimo chenye manufaa kuliko vyote vilivyotajwa hapa, ingawa kinahitaji kusawazishwa kwa kila zao kabla ya kutegemewa.

Ukame, baridi na virusi navyo hugusa usanisinuru, kwa hiyo namba moja peke yake haitaji kirutubishi kilichokosekana. Wala fluoresensi nzuri si hati ya usalama wa mboga: sukuma wiki iliyonyweshewa maji taka inaweza kushiba nitrojeni na bado ikawa na metali nzito. Setilaiti nazo hupima mwanga huu, na ramani za kwanza za dunia nzima zilitoka mwaka 2011, lakini kipimo chao ni cha kilomita. Bustani ya uani haionekani humo.

Udongo lazima upimwe pia. Maabara za taifa za utafiti wa kilimo ziko Kabete, kilomita chache kaskazini mwa Riruta. Jaribio la mahindi na maharagwe lililoanza huko mwaka 1976, juu ya udongo mwekundu wa aina hiihii, limeonyesha kwamba samadi ikitiwa pamoja na mbolea ya dukani huhifadhi mavuno kuliko mbolea ya dukani peke yake. Mkulima asiye na chombo cha fluoresensi na aache mashina mawili matatu katika kila tuta bila kuyachuma majani ya chini, ayatazame kila wiki, na yakianza kupauka apeleke udongo ukapimwe kabla ya kununua mbolea.