Cheo kwa Ushindi Mmoja: Ubingwa wa Sataranji wa Afrika na Mabingwa Wawili wa Windhoek

Mwaka 2007 Robert Gwaze wa Zimbabwe alitwaa ubingwa wa sataranji wa Afrika mjini Windhoek, Namibia. Mwaka 2014 mashindano hayo yalirejea katika mji huo huo, na safari hii bingwa akawa Kenny Solomon wa Afrika Kusini. Mashindano yalikuwa yale yale, na hadhi ya ubingwa ilikuwa ile ile. Hata hivyo, Solomon aliondoka Windhoek akiwa na haki ya kuitwa grandimasta, wa kwanza katika historia ya nchi yake, ilhali Gwaze alibaki masta wa kimataifa, yaani ngazi moja chini. Makala hii inaichunguza tofauti hiyo kwa kufuatilia namna mashindano ya bara yanavyoendeshwa na namna cheo cha grandimasta kinavyopatikana. Hoja inayojengwa ni kwamba cheo kinachotolewa kwa ushindi mmoja si upendeleo kwa Afrika, kama inavyodaiwa mara kwa mara, bali ni fidia ya kasoro iliyomo katika kanuni za kawaida. Isipokuwa fidia hiyo yenyewe imewafikia walengwa kwa kubahatisha.

Shirikisho la Kimataifa la Sataranji (FIDE) liliundwa Paris mwaka 1924, lakini vyeo rasmi lilianza kuvitoa mwaka 1950. Orodha ya kwanza ya magrandimasta ilikuwa na watu 27, na hapakuwa na hata mmoja kutoka Afrika. Bara lilisubiri hadi mwaka 1993, pale Slim Bouaziz wa Tunisia alipotunukiwa cheo hicho. Si kwamba katika miaka hiyo 43 Afrika haikuwa na uhusiano na sataranji ya kimataifa. Mashindano ya kanda zote ya mwaka 1967, yale ambayo Bobby Fischer alijitoa akiwa anaongoza, yalifanyika Sousse, Tunisia. Na Bouaziz mwenyewe alicheza katika mashindano ya ngazi hiyo mjini Riga mwaka 1979. Afrika Kusini, iliyokuwa na klabu na vitabu vya mchezo huu tangu enzi za ukoloni, ilitengwa na FIDE mwaka 1974 kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, ikarejeshwa mwaka 1992. Kilichokosekana ni mashindano ya Waafrika wenyewe yenye uzito wa kimataifa, ambayo mshindi wake angetambuliwa bila kulazimika kwenda kutafuta utambuzi huo ng'ambo.

Mashindano hayo yalianza Cairo mwaka 1998. Wakati huo FIDE ilikuwa imeachana na mashindano ya kanda zote na kuanzisha ubingwa wa dunia wa mtoano, ambao ulihitaji washiriki wengi zaidi kutoka kila bara. Kwa hiyo ubingwa wa bara ulizaliwa kama mlango wa kuingilia ubingwa wa dunia, na kazi hiyo inaendelea hadi leo kupitia Kombe la Dunia. Inafaa kukumbukwa kwamba Ulaya, ambayo mara nyingi huchukuliwa kuwa ndiyo iliyotangulia katika kila jambo la sataranji, ilianzisha ubingwa wake wa mchezaji mmoja mmoja mwaka 2000 tu, miaka miwili baada ya Afrika.

Uendeshaji wake unafuata mfumo wa Kiswisi, unaoitwa hivyo kwa sababu ulitumika kwanza Zürich mwaka 1895. Hakuna anayetolewa. Wachezaji wote hucheza idadi moja ya raundi, kwa kawaida tisa, na katika kila raundi mwenye pointi fulani hupangiwa mwenye pointi sawa au zinazokaribiana naye, mradi wawili hao hawajakutana na rangi za kete zinagawanywa kwa haki. Raundi ya kwanza hupangwa kwa kufuata viwango vya Elo: orodha hukatwa katikati, wa kwanza wa nusu ya juu akakutana na wa kwanza wa nusu ya chini, na kuendelea. Pointi zikilingana mwishoni, njia mojawapo ya kuamua ni kujumlisha pointi za wapinzani wa kila mmoja, hesabu inayojulikana kwa jina la Buchholz. Aliyepambana na wapinzani waliofanya vizuri huwekwa mbele. Mwamuzi mkuu na wasaidizi wake hutumia programu ya kompyuta kupanga wapinzani, na hakuna kiongozi wa chama cha nchi awaye yote mwenye mamlaka ya kuchagua nani akutane na nani.

Mfumo huu una sifa moja inayoufaa umaskini wa vyama vya Afrika: nchi inayomudu kumsafirisha mchezaji mmoja tu huwa na hakika kwamba atacheza raundi zote, hata akipoteza tatu za mwanzo. Nauli ya ndege kutoka Afrika Magharibi hadi kusini mwa bara haitumiki kwa mchezo mmoja wa asubuhi. Lakini sifa hiyo hiyo ndiyo inayozaa tatizo la vyeo, na hapa ni lazima kuingia katika hesabu.

Njia ya kawaida ya kuwa grandimasta ina masharti mawili. Mchezaji afikishe kiwango cha Elo 2500, na apate nomu, yaani matokeo ya kiwango cha 2600 katika mashindano yenye sifa, kwa jumla ya michezo isiyopungua 27. Kwa desturi hizo ni nomu tatu za michezo tisa tisa. Miongoni mwa wapinzani katika kila nomu ni lazima wawemo magrandimasta wasiopungua watatu, na wastani wa viwango vya wapinzani usiwe chini ya 2380. Kwa wastani huo wa 2380, pointi saba kati ya tisa zinatosha. Wastani ukiwa chini ya hapo, mchezaji anaweza kushinda michezo yote tisa na asipate nomu. Sasa, katika mashindano ya Kiswisi yenye washiriki wa viwango vinavyotofautiana sana, raundi ya kwanza, na mara nyingi ya pili, humkutanisha mchezaji mwenye nguvu na mpinzani aliye mbali chini yake. Kanuni huruhusu mpinzani mmoja tu kupandishwa kimahesabu. Wa pili hushusha wastani wote. Barani Ulaya mchezaji aliyekosa nomu kwa bahati hiyo hupanda treni hadi mashindano ya wiki inayofuata. Nairobi au Lusaka hakuna treni ya namna hiyo.

Kiwango cha Elo nacho kina tatizo lake. Elo ni hesabu ya kupokezana: anachokipata mshindi kwa sehemu kubwa ndicho anachokipoteza mshindwa. Wachezaji wanaochuana wao kwa wao tu ni kama wanachama wa upatu. Fedha huzunguka, leo kwa huyu na kesho kwa yule, lakini hazizidi zile walizoleta. Kundi zima linaweza kuwa limeimarika kimchezo, na wastani wake ukabaki pale pale kwa kuwa hakuna mgeni mwenye kiwango cha juu aliyekuja kushindwa nao. Kwa hiyo wanaosema kwamba mchezaji wa Afrika mwenye 2400 ni dhaifu kuliko wa Ulaya mwenye 2500 wanalinganisha vipimo viwili vilivyotoka katika makundi yasiyokutana vya kutosha, na hitimisho lao halina msingi imara.

Mfano wa Amon Simutowe wa Zambia unaonyesha gharama ya njia ya kawaida. Simutowe alikamilisha nomu zake mwaka 2007 mjini Arnhem, Uholanzi, baada ya kuwa ameishi na kusoma Marekani, na cheo kikathibitishwa mwaka 2009. Alikuwa grandimasta wa kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara. Ni heshima kubwa, ila njia yake haikupita katika mashindano ya bara lake. Mchezaji ambaye hakupata nafasi ya masomo nje ya nchi asingeweza kuifuata, hata awe na kipaji kama chake.

Ni katika mazingira hayo ndipo kanuni ya cheo cha moja kwa moja inapaswa kueleweka. Solomon hakuwahi kufika 2500. Alipewa cheo kwa kuwa bingwa wa bara. Wapo waliolalamika kwamba jambo hilo limeshusha thamani ya neno grandimasta, na baadaye FIDE iliweka kiwango cha chini cha 2300 kwa anayepata cheo hicho kwa njia ya ubingwa. Sharti hilo ni la busara, kwa kuwa linazuia matokeo ya ajabu ya wiki moja bila kuubatilisha utaratibu wenyewe. Malalamiko ya awali, kwa upande mwingine, yanasahau kwamba bingwa wa bara ameshinda mbele ya kila aliyekuja, jambo ambalo nomu haimdai mtu yeyote: inawezekana kupata nomu kwa kushika nafasi ya nne.

Udhaifu wa kweli wa kanuni hii uko kwingine. Misri imekuwa na wachezaji wenye nguvu kuliko nchi nyingine zote za bara. Ahmed Adly, aliyekuwa bingwa wa dunia wa vijana mwaka 2007, na Bassem Amin, daktari wa tiba aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuvuka 2700 mwaka 2017, kila mmoja ametwaa ubingwa wa Afrika zaidi ya mara moja. Mwaka ambao bingwa ni mtu aliyekwisha kuwa grandimasta, cheo cha moja kwa moja hakimwongezei chochote, wala hakimshukii aliyeshika nafasi ya pili. Fidia iliyokusudiwa kwa walio mbali na magrandimasta hukosa mpokeaji kila magrandimasta wanapohudhuria. Na wasipohudhuria, wakosoaji husema mashindano yalikuwa mepesi. Kwa Afrika Mashariki jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu Kenya, Uganda na Tanzania zimewekwa na FIDE katika kanda 4.2 pamoja na Misri, hivyo hukutana na kizuizi hicho hicho hata katika mashindano ya kanda. Uganda ilipokuwa mwenyeji wa ubingwa wa bara mwaka 2016 mjini Kampala, mshindi alikuwa Mmisri, Abdelrahman Hesham.

Kwa upande wa wanawake matunda yalionekana mapema zaidi. Tuduetso Sabure alishinda ubingwa wa Afrika wa wanawake mwaka 2005, na akawa raia wa kwanza wa Botswana kuwa grandimasta wa wanawake.

Inabaki habari ya Gwaze. Miaka mitano kabla ya Windhoek, katika Olimpiadi ya Sataranji ya mwaka 2002 mjini Bled, Slovenia, alicheza ubao wa kwanza wa Zimbabwe na kushinda michezo tisa kati ya tisa, akapata medali ya dhahabu. Alekhine alikuwa amepata matokeo hayo hayo katika ubao wa kwanza wa Ufaransa mjini Hamburg mwaka 1930. Medali hiyo ilitolewa kwa asilimia ya ushindi, bila kujali viwango vya wapinzani. Baadaye FIDE iliubadilisha utaratibu huo, medali za ubao zikawa zinakokotolewa kwa Elo, na mchezaji wa timu ndogo anayepangiwa timu ndogo hawezi tena kuipata kwa namna ile. Gwaze alipata medali kabla mlango mmoja haujafungwa, na ubingwa kabla mwingine haujamfungukia. Katika daftari la FIDE jina lake limeandikwa kwa cheo cha masta wa kimataifa.