Protini zuizi, na fitina ya kirusi

Tangu 1993, kliniki ya Ganjoni, kisiwani Mombasa, imekuwa kituo cha utafiti wa VVU miongoni mwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Washington cha Marekani. Kwa mmoja wa wanawake wa Mombasa ndiko kulikopatikana kirusi kiitwacho Q23, cha kundi A, kundi lililoenea zaidi nchini Kenya. Maabara za ng'ambo zinakijua kwa jina. Ukiuliza Kibokoni au Mwembe Tayari, hutampata akijuaye.

Watafiti wa virusi hivi wana jambo wanalolitaja kila siku, nalo bado halijapata jina lililokaa sawa kwa Kiswahili. Ndani ya seli za binadamu mna protini ambazo kazi yake ni kukikwamisha kirusi kabla hata mwili haujang'amua kwamba umevamiwa. Jina lao la kigeni, "restriction factor", lilianzia kwenye bakteria, mapema miaka ya 1950, ilipoonekana kwamba virusi vinavyostawi katika bakteria wa ukoo mmoja hukwama katika ukoo mwingine. Ukilifasiri neno kwa neno utapata kitu kama "sababu ya kizuio", ambacho hakimwambii mtu lolote. "Kingamwili" nayo haifai: hiyo hutengenezwa baada ya mwili kukutana na adui, ikazunguka damuni. Hizi zimo mle mle ndani ya seli, na kila moja ina virusi inavyoviweza na vingine inavyoshindwa navyo. Mimi naziita protini zuizi. "Kizuizi" peke yake, kwa watu wa Mombasa, ni kile cha polisi barabarani, nacho sote twajua kwamba hupitika.

Iliyo maarufu ni APOBEC3G, ambayo kazi yake ilitambuliwa mwaka 2002 katika maabara ya Michael Malim. VVU ni retrovirusi: maelezo yake ya urithi yameandikwa kwa RNA, na vikishaingia katika seli ni lazima viyanakili kuwa DNA ndipo vijipachike kati ya jeni zetu. Hapo ndipo vinapotegwa. APOBEC3G hujipakia ndani ya virusi vichanga vinapoundwa, ikasafiri navyo hadi seli ya pili, na kunakili kunapoanza huvuruga herufi. C nyingi katika uzi mpya wa DNA huzigeuza U, na uzi wa pili ukishaandikwa, palipostahili G pamekaa A. Makosa yakizidi, kirusi hakina maana tena.

Q23, kama VVU-1 vingine, kina jibu: protini iitwayo Vif. Mtu angedhani Vif huishambulia APOBEC3G. La, hufanya fitina. Ni kama mgeni mbaya anayemkuta bawabu barazani kwenye nyumba ya Mji wa Kale: hapigani naye, humwendea mwenye nyumba akamsingizia, na bawabu akafukuzwa na bwana wake mwenyewe. Vif huishika APOBEC3G upande mmoja, na upande wa pili hushikana na mitambo ambayo seli huitumia kutia alama protini za kutupwa. Alama hiyo, ubikwitini, ikishabandikwa, seli yenyewe humsagasaga mlinzi wake.

Vitabu huiita Vif "protini ya ziada", jina nisilolikubali. Liliota mizizi kwa sababu kirusi kilichonyimwa Vif kilionekana kikistawi vizuri katika baadhi ya seli za maabara. Kumbe seli zile hazikuwa na bawabu. Katika seli T za binadamu hakifiki mbali. "Protini kinzani" ingesema kweli zaidi.

Ila fitina hutaka kumjua mtu kwa sura. Tumbili, ndugu za hao wanaopora mikate kwenye meza za hoteli za Diani, wana APOBEC3G yao. Mwaka 2004 ilionyeshwa kwamba Vif ya VVU-1 haiwezi kuikamata, na tofauti yote iko katika asidi amino moja, ya 128: kwetu ni asidi aspatiki, kwa tumbili ni lisini. Ikibadilishwa hiyo moja tu, mambo hugeuka. (Tumbili wana kirusi chao cha jamii hiyo hiyo, ambacho Vif yake yaiweza APOBEC3G ya tumbili. Kwa nini hawaugui ni habari nyingine.)

Zipo protini zuizi nyingine. Tetherini huvifunga virusi vipya kwenye utando wa seli visiondoke, na VVU-1 huing'oa kwa protini iitwayo Vpu. SAMHD1 huinyima kazi ya kunakili malighafi za DNA. VVU-2, aina ya pili ya VVU, huiangusha kwa Vpx, silaha ambayo VVU-1 hakina.

Dawa nyingi anazomeza mgonjwa leo, dolutegravir kwa mfano, hulenga vimeng'enya vya kirusi chenyewe. Ya kuizuia Vif ili APOBEC3G ibaki kazini, hakuna iliyoidhinishwa hadi sasa.